Siku Chumba cha Kufulia Kilipong'aa

Chumba cha Kufulia, Hospitalini
3 Februari

Mdogo wangu Waziri,

Kwa masikitiko makubwa, na kwa niaba ya kamati ya mazishi ambayo mwenyekiti wake ni mimi, katibu wake ni mimi na mpiga kelele wake ni mimi, natangaza kifo cha birika la umeme la chumba cha kufulia. Marehemu hakuwa anaumwa. Jumatatu asubuhi karani wa stoo aliingia na waraka wa kubana matumizi, akausoma kwa sauti kama mtu anayeapishwa, akachomoa waya ukutani na kuondoka na birika likiwa bado lina maji. Limeacha wafiwa saba. Sisi tunaoshinda katikati ya mvuke na maji ya moto, sasa tukitaka chai tunakwenda kupiga hodi jikoni kwa wagonjwa.

Baada ya msiba huo, salamu. Shikamoo yako ya kwenye simu ilinifika, marahaba sana. Mama hajambo. Magoti yanamsumbua asubuhi, jua likipanda yanamsahau. Bado hajatusamehe kwa ile siku tulipogombana kwenye simu, mimi nikifoka huku kuhusu mishahara na wewe ukifoka huko kuhusu deni la taifa, yeye yuko katikati ameishika simu mbele ya uso kama sinia la moto. Amri yake unaijua: simu ni ya kujuliana hali, siasa tuandikiane, maana barua haina sauti. Mimi nina mvi mpaka kwenye nyusi, lakini Mama akitoa amri natafuta kalamu.

Sasa jambo lenyewe. Hapa kuna maneno kwamba chumba cha kufulia kitafungwa, na nguo zote za hospitali apewe mkandarasi mwenye mitambo yake mjini. Ni watu saba, nikiwemo mimi msimamizi wao. Jenereta anayeendesha mashine (tunamwita hivyo kwa sababu ya sauti, umeme ukikatika yeye hakatiki) ameanza kunyamaza, na hilo limenitisha kuliko waraka. Mama Pasi naye anapiga pasi shuka moja mara mbili.

Baba alikuita Waziri kwa vile ulivyokuwa unatugawia nyama, kipande kwa kipande, huku umekunja uso. Mzee wa watu hakujua kwamba utakuja kukaa Hazina kweli, tena kwenye idara yenyewe inayopunguza. Sikuombi upendeleo. Nakuuliza kama kaka: tumo kwenye hilo fagio, au hatumo?

Kaka yako,
Povu


Ofisini
19 Februari

Kaka Povu,

Shikamoo. Poleni na msiba. Nilisoma barua yako ofisini nikacheka peke yangu, jirani yangu wa meza akadhani nimepata safari ya nje.

Sisi hatujambo. Shemeji yako ana mafua na amegeuka mtoto wa pili wa nyumba hii. Yule wa kwanza, mpwa wako, ameota meno ya mbele na anang'ata kila anachokutana nacho, mwalimu wake akiwemo. Nimeitwa shuleni. Nilipofika nikaambiwa, "Mzazi, huyu mtoto anatetea haki yake kupita kiasi." Nikasema amerithi kwa mjomba wake.

Tumo au hatumo: hilo siwezi kulijibu, na unajua kwa nini siwezi. Usiniulize tena.

Ila naomba usinione kama nimekaa hapa na mkasi nakata kwa raha zangu. Kaka, nchi inakopa ili ilipe mikopo. Tunachokusanya, sehemu kubwa inaondoka kabla hatujanunua hata kidonge kimoja. Mwaka jana nilitumwa kwenye zahanati ambako akina mama wanaokuja kujifungua wanaambiwa waje na glavu zao. Nilirudi sikupata usingizi. Sasa mtu akiuliza kama hospitali ina lazima ya kumiliki mashine za kufulia, si mchawi. Mashuka anaweza kuyafua mwingine. Kumzalisha mama hawezi mwingine. Pesa ni chache, na mimi sikuzila.

Ninachoweza kukwambia ni kile kilichokwisha kutangazwa. Kabla ya kufunga kitengo chochote, kamati ya tathmini itakwenda kukiona kwa macho. Ikija kwenu, waonyesheni kazi yenu. Hiyo tu. Waonyesheni kazi yenu ilivyo.

Mbusu Mama. Mwambie tunaandikiana kwa adabu.

Mdogo wako


Chumba cha Kufulia
11 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama amebusiwa, akauliza, "Kwa nini? Mmefanya nini?" Nimemsomea barua yako, nikaruka pale pa deni.

Habari za nyumbani ni kwamba bomba la jikoni limeanza kuvuja na mimi nimelitengeneza, kwa hiyo sasa linavuja sehemu mbili. Wifi yako, mke wangu, amenipongeza kwa kupiga makofi mara moja tu.

Hoja yako nimeisoma nikiwa na njaa, nikairudia nikiwa nimeshiba. Inaeleweka, na ndicho kinachoniudhi. Wewe ungekuwa mjinga ningelala vizuri. Haya, nikubali kwamba fedha hakuna. Mbona zikikosekana huwa zinakosekana upande huu huu wa jengo? Kule wodi ya kulipia wamepaka rangi mpya na kila kitanda kina feni yake. Mganga mkuu amebadilisha gari, lile la zamani lilikuwa na ubaya wa kuwa la zamani. Huku kwetu wamechukua birika. Mnasema tubane mkanda. Mimi tumbo ninalo, nakubali, pa kubana papo. Mama Pasi mkanda wake umeshafika mgongoni.

Huyo mkandarasi tunamjua. Jirani yangu alifanya kazi kwake. Watu wanachukuliwa kwa siku, ukiugua siku yako imekufa, ukijifungua nafasi yako imepata mwenyewe. Mama Pasi akitolewa hapa atakwenda kusimama kwenye mlango wa mkandarasi, atapewa pasi, atanyoosha mashuka yale yale ya hospitali hii hii kwa nusu ya mshahara wake, bila likizo. Halafu kwenye vitabu vyenu mtaandika kwamba serikali imeokoa fedha. Imeziokoa kutoka kwa nani, Waziri? Kwa Mama Pasi! Yeye ndiye alikuwa mwizi?

Samahani, nimepaza sauti. Barua nayo inayo sauti, Mama amekosea.

Kuhusu kamati, usiwe na wasiwasi. Nimeshawaambia wenzangu kwamba wakubwa wanakuja kutuona, na kwamba mdogo wangu amesema tuwaonyeshe kazi yetu. Nina mpango. Hutaona aibu.

Povu


Ofisini
2 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Nimechelewa, nisamehe, tunafunga vitabu vya robo mwaka na hapa watu wanakula wamesimama. Shemeji yako amepona. Mpwa wako amemng'ata mwalimu mwingine, wa hesabu safari hii, nikajikuta simlaumu.

Maneno yako ya Mama Pasi yamenikaa kooni. Nilitaka kukujibu kwa takwimu, nikaandika nusu ukurasa nikauchana.

Nikwambie kitu ambacho sikukusudia kukwambia. Mwaka jana nilipendekeza tuanze na magari ya wakubwa. Magari, mafuta, makongamano ya hotelini, semina za kujadili jinsi ya kupunguza semina. Niliandika vizuri, kaka, kuliko nilivyowahi kuandika kitu maishani. Pendekezo lilirudi na neno moja pembeni: "Baadaye." Mkuu wangu akaniita akasema kwa upole, "Binti, hapo panauma. Tuanze na pale pasipopiga kelele." Basi tunakata palipo laini, kwa sababu huku juu mkasi ni butu. Unadhani silioni? Naliona kila asubuhi, nakunywa chai, nakaa, naendelea. Maana nikiondoka mimi watamweka mtu ambaye halioni kabisa.

Kamati itafika kwenu wiki ijayo. Niandikie mara tu ikiondoka.

Mdogo wako


Chumba cha Kufulia
20 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Wamekuja! Wamekuja na wameondoka, na nakwambia wameondoka wamefurahi. Walikuwa watatu, kiongozi wao bwana mmoja mpole mwenye miwani. Sakafu ilikuwa inang'aa mpaka akainua suruali akidhani ni maji. Alisema kwa kinywa chake, "Sijaona chumba cha kufulia safi kama hiki." Jenereta amerudi kwenye sauti yake ya zamani, mpaka wagonjwa wa juu wamelalamika. Mama Pasi alinyamaza, lakini ndivyo alivyo.

Kuhusu hilo la magari, nimekusoma. Sikujua. Sina la kutania hapo.

Mama anasema mtoto anayeng'ata apewe kazi ya kutafuna. Bomba linavuja sehemu tatu.

Povu


Ofisini
6 Mei

Kaka,

Shikamoo. Leo sina habari za nyumbani.

Ripoti ya kamati imepita mezani kwangu. Sipaswi kukuonyesha, lakini nakunukulia: "Wafanyakazi saba walikutwa wamesimama. Hakukuwa na nguo za kufuliwa. Mashine zote zilikuwa zimezimwa. Msimamizi alipoulizwa alithibitisha kuwa hali huwa hivyo kila siku. Uwezo wa kitengo unazidi mahitaji. Inapendekezwa kifungwe na wafanyakazi wapunguzwe."

Wewe uliniambia waliondoka wamefurahi. Hospitali nzima ya wilaya, wodi zote zile, na siku hiyo hakukuwa na shuka moja chafu? Kimetokea nini? Nieleze kama kilivyokuwa. Kama wameandika uongo nitasimama kwenye kikao niseme, lakini nataka kusimama juu ya kitu kigumu.

Nijibu haraka.

Mdogo wako


Chumba cha Kufulia
15 Mei

Mdogo wangu,

Waongo! Waongo wakubwa! Walikuja na ripoti yao imeshaandikwa, wakatuzungushia macho tu. Mashine zilikuwa zinanguruma mpaka tukawa tunazungumza kwa ishara. Mashuka yalikuwa yamejaa mpaka mlangoni. Huyo bwana wa miwani nadhani anahitaji miwani mingine. Simama useme, mdogo wangu, wala usiogope. Hawa ndio wanaolipwa kwa kutembelea watu na kuwamaliza.

Mama hajambo. Nina haraka, kazi ni nyingi.

Povu


Nyumbani
14 Julai

Kaka,

Shikamoo. Nimeandika barua mbili katikati hapa na hukujibu. Simu unampa Mama, na Mama anasema uko bafuni. Hakuna mtu anayeoga hivyo, hata anayefua kwa riziki yake.

Mama kaniambia mmepata taarifa ya kufunga mwisho wa Agosti. Alikuwa analia akijifanya anakohoa.

Nilisimama kwenye kikao. Nilisema kamati imeandika uongo, na kwamba nina habari kutoka kwa mtu aliyekuwemo. Bwana wa miwani hakukasirika, ningependa angekasirika. Alifungua bahasha akatoa picha, akaipitisha mezani mpaka ikanifikia. Mashine zimezimwa. Sakafu kavu. Makapu matupu yamepangwa ukutani kama viti vya wageni. Watu saba kwenye mstari, sare zimenyooshwa, na katikati wewe, umetabasamu, umevaa tai.

Tangu lini unafua nguo na tai, kaka?

Nimehamishwa. Niko chumba kingine sasa, ghorofa ya chini, naangalia maombi ya samani. Kina dirisha zuri. Sitaki tulizungumzie hilo.

Maamuzi yanaweza kukatiwa rufaa mpaka katikati ya Agosti. Mkuu wangu wa zamani bado ananipokelea simu, akasema, "Leta maelezo yanayoshikika, nitayapeleka mwenyewe." Mimi sina maelezo. Nina barua yako ya mashine zinazonguruma na picha ya mashine zilizolala. Watu saba watakosa kazi, na mtu pekee anayejua kwa nini picha ile iko vile ni wewe, na wewe uko bafuni.

Nimechoka kukubembeleza. Andika.

Mdogo wako


Chumba cha Kufulia
1 Agosti

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama hajambo, mke wangu hajambo, bomba tumemwita fundi. Hizo ndizo salamu zote nilizonazo.

Nenda kwa yule bwana wa miwani umwombe radhi. Hakusema uongo hata neno moja. Mwongo alikuwa kaka yako. Umehamishwa kwa ajili ya maneno niliyoyaandika nikiwa nimeketi juu ya kapu, bila hata kufikiri kwamba wewe utayabeba mbele za watu kweli. Ukishamwomba radhi, mpe barua hii aisome yeye na mkuu wako wa zamani. Nimejikaza kisabuni nimekaa chini kuiandika, na wenzangu sita wanaisoma juu ya bega langu. Jenereta ananisahihisha kwa sauti, kwa hiyo utavumilia mikwaruzo.

Kilichotokea ni hiki.

Uliponiandikia kwamba tuwaonyeshe kazi yetu, mimi nilichosikia ni kwamba wageni wanakuja. Mdogo wangu, umelelewa nyumba moja na mimi. Mgeni akija kwa Mama unafanya nini? Unafagia, unaficha ndoo, unatoa vile vikombe visivyoguswa. Kazi ya nyumba mgeni haioni. Akiiona, umeaibika. Nimekuwa msimamizi hapa muda mrefu, na hakuna mkubwa aliyewahi kushuka kutuona. Kichwa kilinivimba.

Kwa hiyo Jumapili, siku moja kabla, niliwaomba wote waje. Hakuna aliyelipwa, na hakuna aliyeuliza. Tulipita wodi zote tukabadilisha kila shuka, hata yale ambayo zamu yake ilikuwa katikati ya wiki. Wauguzi walitushangaa. Tulifua, tukakausha, tukapiga pasi, tukapeleka juu, tukarudi tukasugua sakafu kwa brashi za mkono. Mama Pasi, akiwa amebakiza rundo la mwisho, aliniambia, "Msimamizi, tukizimaliza zote leo, kesho tutawaonyesha nini?"

Nikamjibu, "Tutawaonyesha kwamba tumemaliza."

Akaniangalia. Kisha akazinyoosha.

Jumatatu tulijipanga mstarini tukawasubiri. Tai ni ya mkwe wangu. Nilizima mashine kwa mkono wangu ili wageni wasipate shida kusikia. Wakaingia. Bwana wa miwani alizunguka, akafungua mlango wa mashine moja, akapitisha kidole, kikatoka safi. Akauliza, "Nguo ziko wapi?" Nikasema, "Ziko wodini, mheshimiwa, safi zote. Hapa kazi hailali." Akauliza, "Na huwa hivi?" Hapo, mdogo wangu, ningeweza kusema kweli. Ningesema, jana ungetukuta tumelowa mpaka magotini, kesho pia utatukuta hivyo. Sentensi moja. Lakini nilimwona mtu mkubwa anayeuliza kama nyumba yangu huwa safi, nikasema, "Kila siku, mheshimiwa. Kila siku."

Aliandika. Niliona anaandika, nikafurahi kwamba anaandika.

Hayo wenzangu wote wanayajua, walikuwepo. Linalofuata hawakulijua mpaka wiki hii nilipowaambia, isipokuwa Mama Pasi, ambaye alikuwa karibu na mlango na hajawahi kunitajia.

Wageni wakiwa bado ndani, mhudumu wa wodi ya wazazi alikuja mlango wa nyuma. Usiku ule walikuwa wamezalisha sana. Alikuwa na furushi la mashuka mgongoni na la pili analiburuza, yamelowa damu, maji yanadondoka kwenye sakafu yangu. Alikuwa amekuja kuokoa kazi zetu, yeye hajui na mimi sijui. Angeingia hatua chache tu, bwana wa miwani angeyaona. Jenereta angewasha mashine, Mama Pasi angekunja mikono ya sare, na picha ile uliyopewa ingekuwa picha nyingine.

Nilimwendea mbio kwa vidole vya miguu. Nikamwambia kwa kunong'ona, "Dada, rudi nayo kwanza. Tuna wageni."

Akasema, "Kaka, kule hakuna pa kuyaweka."

Nikasema, "Tafadhali. Usinitie aibu."

Nikafunga mlango. Nikachukua kitambaa nikapangusa yale matone, nikarudi kusimama katikati ya mstari, nikatabasamu kwa ajili ya picha.

Uliponitumia maneno ya ripoti nilijua saa ile ile kilichotokea. Nikaandika "waongo" kwa sababu kalamu ilikuwa mkononi na Jenereta alikuwa ananiuliza, "Vipi, dada anasemaje?" Sikuweza kumwambia kwamba tumefukuzwa kwa sababu tulifanya kazi zaidi ya siku zote, na wazo lilikuwa langu. Niliwaambia juzi. Nilidhani watanipiga. Jenereta akasema, "Mkubwa, na ile tai ilikuwa mbaya." Mama Pasi akasema niandike.

Ubishi wetu mimi na wewe siufungi. Bado nasema mnakata pasipostahili, na bado sijui glavu za wale akina mama zitatoka wapi. Labda hata wakija mara ya pili na kutukuta tumezama kwenye mashuka, watafunga vilevile, maana mkandarasi ameshapaka rangi magari yake kwa ajili ya kazi hii. Sikuahidi kitu. Nataka tu waamue kwa kilichokuwepo, kisha kama ni kufunga wafunge.

Na kilichokuwepo ni hiki, waambie. Gari lao lilipotoka getini nilivua tai nikapanda mwenyewe wodi ya wazazi. Yule mhudumu alikuwa ameyaweka mafurushi chini ya ngazi, na yalikuwa yameongezeka, maana na wodi nyingine walikuwa wameleta ya kwao baada ya kukuta mlango wetu umefungwa. Tuliyateremsha sote saba. Tuliwasha mashine zote, mvuke ukapanda mpaka tukawa hatuonani, sakafu ikajaa maji, na tulifua mpaka jioni bila mtu wa kutuona.

Kaka yako